Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kupiga picha na kuutumia mwanga vizuri, nikiwa huku Mbeya

Habari zenu. Nimeamua kuyaweka haya maswali sehemu moja maana yanajirudia, na kila nikimjibu mtu mmoja kesho yake mwingine anauliza lile lile. Mi sio mpiga picha wa kulipwa, nina shughuli zangu nyingine, ila huu ni mwaka wa sita nabeba kamera karibu kila siku. Napiga vitu vya kawaida kabisa: genge la mama mmoja pale Uyole, dirisha la jikoni kwa bibi, viazi, bodaboda wakisubiri mvua ipite, mlima. Kama unataka kujua kamera ya bei gani itakufanya uonekane mtaalamu hapa sio mahali pake, nitaongelea zaidi mwanga, sababu kiukweli ndo kitu kilichobadilisha picha zangu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Nina simu tu, si kamera. Naweza kuanza?

Anza leo. Simu ina mambo mawili ambayo watu wengi hawayagusi kabisa. La kwanza, gusa pale unapotaka pawe sawa, mfano usoni, halafu shikilia kidole mpaka ijifunge, hapo simu haitabadilisha mawazo kila mtu akipita nyuma. La pili, baada ya kugusa kunakuwa na alama ya kijua au mstari pembeni, telezesha chini picha iwe nyeusi kidogo, telezesha juu iwe nyeupe. Simu nyingi zinapenda kufanya kila kitu king'ae, kwahiyo anga linaungua linakuwa jeupe tupu na asubuhi inaonekana kama saa sita mchana. Nakushauri uzoee kushusha kidogo. Kitu kikiungua kikawa cheupe kabisa hakirudi hata uediti vipi, ila giza kidogo unaweza kulinyanyua baadae.

Na futa lenzi. Simu inakaa mfukoni na mafuta ya mikono, halafu mtu analalamika picha zina ukungu!

Muda gani ni mzuri wa kupiga picha huku kwetu?

Hapa nitakaa kidogo, sababu watu wanasoma ushauri wa nchi za mbali halafu wanatoka nje saa ambayo haina maana kwa Mbeya.

Sisi tuko magharibi kuliko Dar ila saa zetu ni zile zile, kwahiyo jua linatuchelewa kama dakika 23 hivi ukilinganisha na wao. Mwezi wa 7 jua linachomoza kama saa 1 kamili asubuhi hapa mjini, na ukiwa bondeni au nyuma ya mlima unalisubiri zaidi. Mwezi wa 11 linatoka mapema, kama saa 12 na robo. Kwahiyo mtu akikwambia amka saa 11 alfajiri mwezi wa 7 atakutesa bure na baridi ile, labda kama unataka ile rangi ya bluu ya kabla ya mapambazuko. Mi nikitaka mwanga wa asubuhi natoka saa 12 na nusu, naweka sweta mbili, na nakaa mpaka saa 3. Jioni nahesabu kuanzia saa 11 mpaka giza linapoingia.

Jua likiwa chini mwanga unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, ile bluu inatawanyika njiani, inayobaki ni manjano na nyekundu. Ndo maana ukuta wa udongo ambao mchana umepauka, saa 12 jioni unaonekana kama umepakwa dhahabu. Halafu vivuli vinakuwa virefu, kila tuta la shamba linaonekana, kila kokoto.

Kuna kitu kingine kilinichukua muda mrefu kukielewa. Sisi tuko chini ya ikweta, kama nyuzi 9 kusini. Mwezi wa 6 na wa 7 jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, haliko utosini, kwahiyo hata saa 6 bado mwanga una mwelekeo na uso wa mtu haupati yale mashimo meusi machoni kama miezi mingine. Mwezi wa 12 linahamia kusini kidogo. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba ndo linakaa utosini kabisa, kati ya saa 6 na nusu na saa 7 kivuli chako kinaishia miguuni. Siku hizo mchana napumzika, au naingia ndani ya nyumba za watu.

Sasa angalia mlima Loleza. Uko kaskazini mwa mji, upande tunaouona sisi unatazama kusini. Mwezi wa 7 mchana jua linatokea nyuma yake, mlima unaonekana bapa na umefifia. Desemba jua linaupiga usoni, na mvua ikiwa imetoka kuosha hewa unaona mpaka mikunjo ya makorongo. Nilihangaika mwaka mzima nikidhani lenzi yangu ndo mbaya. Mlima ni ule ule, jua ndo lilikuwa limehama.

Mbona siku nyingi hakuna jua, ni mawingu na ukungu tu? Nifanyeje?

Furahi! Wingu ni kama pazia jeupe kubwa limefunika jua, mwanga unatoka kila upande, vivuli vinakuwa laini. Nyuso za watu, kijani cha majani ya chai Rungwe au Mufindi, ndizi, maua, vyote vinapendeza zaidi siku ya mawingu kuliko jua kali. Ila toa anga kwenye picha, anga la mawingu ni jeupe na linavuta macho bure.

Ukungu ni habari nyingine. Kamera imefundishwa kuamini kwamba dunia ni ya kijivu cha katikati, kwahiyo ikiona ukungu mweupe inaogopa na kushusha mwanga, picha inatoka chafu kama moshi wa tairi. Ongeza mwanga mwenyewe, kwenye kamera ni ile sehemu ya kuongeza na kupunguza, weka +0.7 mpaka +1. Halafu tafuta kitu chenye umbo karibu na wewe, mti, mtu mwenye mwavuli, lori linalopanda Mporoto limewasha taa, sababu ukungu peke yake haushiki kitu, unahitaji kitu cheusi mbele ili ule weupe nyuma uonekane una kina.

Nikipiga picha watu weusi sana wanatoka wamefifia au hawaonekani, kwanini?

Hili swali ni la muhimu na watu wanaliuliza kwa aibu, hamna sababu ya aibu. Sababu ni ile ile ya kijivu. Ukimweka mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya anga au ukuta mweupe, kamera inapima ule weupe mwingi, inashusha kila kitu, uso unakuwa giza. Mpime uso, sio ukuta. Gusa usoni kwenye simu. Kwenye kamera tumia kipimo cha nukta moja (spot) na ukielekeze shavuni. Halafu usiutie weupe kwa filta! Inaniumiza nikiona picha ya harusi bibi harusi kageuzwa rangi ya maziwa, wakati ngozi yake ndo nzuri pale.

Ngozi nyeusi inapenda mwanga wa pembeni kutoka kitu kikubwa, kama dirisha au mlango. Ule mng'ao unaotembea kwenye paji la uso na kwenye shavu ndo unaochora umbo. Flashi ya usoni inaua yote hayo, inaacha doa moja jeupe puani na jasho. Muweke mtu mlangoni, asimame hatua moja ndani, nyuma yake giza la nyumba, mwanga wa nje umpige upande mmoja. Ukitaka upande wa pili usiwe mweusi sana shikisha mtu kiroba cheupe cha unga au shuka jeupe, mwanga unadunda unarudi usoni. Ukutani mwangu kuna picha ya bibi yangu, kitambaa cheupe kichwani na mwanga wa mlango wa jikoni, kiakisi ilikuwa ni kiroba cha sembe alichoshika mdogo wangu. Nimeipiga mara nyingi sana hiyo, miezi tofauti, na ile nzuri ilikuja siku ya mawingu saa 4 asubuhi, bibi anachagua maharage na wala hakuwa ananiangalia.

Kuna zoezi la kufanya nyumbani ili nijue mwanga?

Chukua kiazi. Kiazi mviringo, wala usikioshe. Kiweke kwenye meza karibu na dirisha, zima taa zote za ndani, halafu wewe ndo uzunguke, kiazi kibaki pale pale. Ukiwa na dirisha mgongoni kiazi kinaonekana bapa, kama karatasi. Ukisimama pembeni, yaani dirisha liko kushoto kwako, ghafla unaona udongo, vijicho, mikwaruzo, uduara wake. Ukilitazama dirisha kiazi kinakuwa kivuli chenye mstari wa mwanga pembeni. Kiazi ni kile kile. Sasa kisogeze mbali na dirisha hatua kwa hatua, kila hatua piga moja, uone kivuli kinavyobadilika. Kisha ning'iniza shuka jeupe dirishani urudie tena.

Fanya siku tatu, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya hapo ukikutana na uso wa mtu utajua umsimamishe wapi kabla hujanyanyua simu. Mimi nilifanya hivi msimu mmoja wa mvua nilipokuwa siwezi kutoka, na mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu kitu cha kwanza natafuta madirisha yako wapi.

Mwanga wa taa za ndani na usiku je?

Taa moja ndogo ya juu ni mbaya kwa uso, inachimba macho. Mwambie mtu asogee mpaka taa iwe mbele yake kidogo, au aketi karibu na taa ya mezani. Mshumaa au kibatari kina sheria yake: ukiwa mbali mara mbili mwanga unaobaki ni robo, sio nusu. Kwahiyo ukimsogeza mtu karibu na mshumaa kwa urefu wa mkono tu, unapata tofauti kubwa kuliko kupandisha ISO, yaani ule ukali wa kamera kukuza mwanga. Pia usichanganye taa ya manjano na mwanga wa dirisha kwenye uso mmoja kama hujakusudia, shavu moja linakuwa bluu jingine chungwa.

Picha zangu za sokoni zinatoka za bluu!

Ni turubai. Mwanjelwa, Sokomatola, masoko mengi tunajikinga kwa maturubai ya bluu, na mwanga unaopita pale unakuwa wa bluu kama ule wa bwawa, nyanya zinakuwa zambarau na mama anaonekana mgonjwa. Kurekebisha rangi kwenye simu kunasaidia nusu tu. Dawa ni kusogea kule turubai linapoishia, pale mwanga wa nje unaingia kwa chini, mtu akigeuka kidogo kuangalia njiani uso unapata mwanga safi na nyuma kunabaki kivuli. Ikishindikana kabisa fanya iwe nyeusi na nyeupe, sio dhambi. Ukuta wa kijani unafanya hivyo hivyo, na udongo mwekundu unarudisha joto usoni, hiyo mi naipenda, namsimamisha mtu kwenye kivuli lakini mbele yake kuwe na udongo mwekundu unaopigwa na jua.

Nawezaje kupiga mvuke wa chai au moshi ukaonekana?

Mvuke ni matone madogo sana ya maji, na yanaonekana vizuri pale mwanga unapotokea nyuma yake kuja kwako. Jua likiwa mgongoni kwako mvuke unapotea. Kwenye lile genge la Uyole sufuria la chai liko upande wa mashariki, kwahiyo saa 1 na nusu asubuhi jua linapita chini ya bati, linakutana na mvuke, na nyuma kuna ukuta wenye masizi. Weusi nyuma, mwanga nyuma, wewe mbele, basi. Inadumu kama robo saa tu halafu jua linapanda juu ya bati na mchezo umeisha. Moshi wa kuni jikoni ni vile vile, miale inayopenya kwenye matundu ya bati au kati ya mbao haionekani mpaka kuwe na moshi wa kuishika. Kanuni hiyo hiyo kwa vumbi la mbuzi wanaporudi jioni, na mvua.

ISO, shata, apacha, unaweza kunieleza kwa kifupi?

Apacha ni upana wa mlango, shata ni muda mlango unabaki wazi, ISO ni ukali wa kukuza kile kilichoingia. Mtu aliyetulia shata 1/125 ya sekunde inatosha, mtoto anayekimbia anza 1/500, bodaboda zaidi. ISO ikipanda chengachenga zinaongezeka, ila picha yenye chengachenga inaangalika, iliyotikisika inakuwa imeharibika. Kama una kamera yenye lenzi ya kit, yaani ile inayokuja na kamera, na una hela ya kitu kimoja tu, tafuta lenzi ya 50mm f/1.8 iliyotumika (hiyo f ni kipimo cha apacha, namba ndogo ndo mlango mpana), inaingiza mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Kwa jikoni zetu za giza hiyo ni tofauti ya kupata picha au kukosa.

Nikitaka kutoka kidogo niende wapi na saa ngapi?

Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba juu ya mto kule Kiwira, nenda siku ya mawingu, kukiwa na jua kali maji yanaungua na miti inakuwa nyeusi, weka simu au kamera juu ya jiwe, shata 1/4, maji yatakuwa kama uzi. Kitulo iko karibu mita 2,600 juu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, maua yanajaa msimu wa mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili, piga ukiwa umelala chini na mwanga ukitokea nyuma ya petali zing'ae kama karatasi. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nenda jioni, maana milima ya Livingstone inageuka zambarau na ziwa linabeba rangi hiyo yote. Iringa, panda jiwe la Gangilonga jua linapozama mji uko chini yako, na zile nguzo za udongo za Isimila ziendee asubuhi au jioni, mchana zinakosa mikunjo kabisa.

Ila kabla hujapanda gari, hakikisha umemaliza kwenu. Watu wengi wana picha ishirini za Matema na hawana hata moja nzuri ya mama yao.

Baridi na unyevu vinaharibu kamera?

Vinaharibu. Nilikaa Tukuyu msimu mzima wa mvua, lenzi yangu ya kwanza nikaiacha kwenye begi kabatini, nilipokuja kuitoa ilikuwa imeota utando kama wa buibui ndani, haikutoka. Sasa naweka vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mzuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, na jua likitoka naanika begi. Ukitoka kwenye baridi kuingia jikoni kwenye moto usifungue begi haraka, subiri nusu saa ipate joto taratibu vinginevyo inatoa jasho. Betri ya akiba weka mfuko wa ndani wa koti.

Filta na kuediti?

Mi nanyoosha picha, napunguza weupe kidogo, nanyanyua kivuli kidogo, nakata pembeni. Dakika mbili. Kama inahitaji nusu saa huwa naamua mwanga haukuwepo na kesho narudi.

Naruhusiwa kupiga watu bila kuwauliza?

Uliza. Salimia kwanza, shikamoo kwa mkubwa, ukiwa Tukuyu sema ugonile, Iringa na Njombe sema kamwene, kaa, nunua hata karanga. Mtu akisema hapana ni hapana, usimpige kwa kujificha. Msibani na hospitali usitoe kamera kama hujaombwa, na kambi za jeshi usithubutu. Watoto, muone mzazi. Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza ule uhalisia unapotea, ni kweli dakika tano za kwanza mtu anakaza shingo kama wa pasipoti, piga hizo mbili tatu umuonyeshe, afurahi, halafu kaa tu. Atarudi kwenye kazi yake na mwanga utakuwa bado upo kama ulipanga muda vizuri.

Na peleka picha. Iliyochapishwa, sio ya WhatsApp. Yule mama wa genge nilimpelekea ile ya mvuke, akaibandika kwenye nguzo ya mbele wateja waione, baada ya miezi kadhaa jua la asubuhi likawa limeila, sufuria haionekani, uso umekuwa wa pinki. Nikamchapishia nyingine. Safari hii tulizunguka wote mle ndani tukitafuta pa kuiweka, akaniambia "mwanangu weka hapa nyuma ya kabati la maandazi, hapa jua halifikagi", na ndo ipo hapo mpaka sasa.